Mfumo Umekataa: Kutafuta Chanzo cha Matatizo ya Ruhusa na Makundi ya Usalama katika Odoo

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, msimu wa kupanda ukiwa umepamba moto, nilipigiwa simu na mwenye duka la jumla la pembejeo mjini Nakuru. Wakulima wa Njoro, Molo na Subukia walikuwa wamejaa mlangoni wakitaka mbolea ya DAP na mbegu za mahindi, lori lilikuwa limepakiwa nusu, na keshia alikuwa amekwama: kila akibonyeza kitufe cha kuthibitisha ankara, Odoo, programu yao ya kuendeshea mauzo, stoo na hesabu, inamkatalia. "Kaka, mpe huyu msichana kila kitu," mwenye duka akaniambia. "Mengine tutayapanga baadaye. Watu wananiangalia hapa." Nikaifungua akaunti ya keshia, nikamwingiza kwenye kundi la wasimamizi, foleni ikasonga.

Hiyo baadaye haikufika. Mwezi wa tano tukakuta bei ya mfuko wa mbolea ya CAN imeshushwa kwenye orodha ya bei, na mauzo ya siku kadhaa yamepita kwa bei hiyo. Jina lililoandikwa kwenye rekodi ya mabadiliko lilikuwa la keshia. Alilia mbele ya wenzake akisema hajui hata bei inabadilishiwa wapi. Kumbe kompyuta ya kaunta ilikuwa ikitumiwa na watu watatu, wote kwa akaunti yake, na akaunti hiyo mimi mwenyewe niliifungulia kila mlango. Hatukuweza kumsafisha, wala hatukuweza kumpata aliyefanya.

Tangu siku hiyo sitoi ruhusa kwa kubahatisha. Nilichojifunza kwa kuzunguka maduka, ghala na vyama vya ushirika kutoka Nakuru hadi Kisumu, Kakamega na Bungoma nimekiandika hapa kwa ajili ya yeyote anayesimamia Odoo katika biashara ya namna hiyo. Nimepanga kwa malalamiko yenyewe, vile watumiaji wanavyoyasema kwenye simu. Majina ya menyu hubadilika kidogo toleo kwa toleo, lakini utaratibu wa ndani ni huu huu.

Kwanza ijue milango

Mtumiaji akigusa kitu chochote, ombi lake hupita milango kadhaa, na kila mlango una namna yake ya kukataa.

Mlango wa kwanza ni haki za kufikia. Hizi huandikwa kwa kila jedwali la data, kwa mfano jedwali la wateja, la ankara au la bidhaa, na zina vitendo vinne tu: kusoma, kubadilisha, kuunda na kufuta. Haki hizi hupewa kundi. Mtu akiwa katika makundi matano, haki za makundi yote matano hujumlishwa. Odoo haina haki ya kukataza. Huwezi kumwongeza mtu katika kundi fulani ili umpunguzie alichopewa na kundi jingine, na ukilishika jambo hili moja, nusu ya matatizo yatakuepuka.

Mlango wa pili ni kanuni za rekodi. Haki za kufikia zinasema unaweza kusoma jedwali la oda za mauzo. Kanuni za rekodi zinasema ni oda zipi humo ndani. Kanuni ziko za aina mbili. Kanuni isiyofungwa kwa kundi lolote huwa ya wote, na kanuni za wote zikiwa kadhaa, rekodi lazima izitimize zote. Kanuni za makundi huenda kinyume: rekodi ikitimiza hata moja kati ya zile zinazokuhusu, inapita. Kisha sharti ipite pande zote mbili, upande wa kanuni za wote na upande wa kanuni za makundi.

Mlango wa tatu ni visanduku vya fomu. Kisanduku kimoja kinaweza kufungiwa kundi, na asiye katika kundi hilo hakioni kabisa.

Menyu nimeiacha nje makusudi. Kuificha menyu kunasafisha skrini, lakini hakulindi chochote. Mwenye haki ya kusoma jedwali anaweza kuifikia rekodi ileile kwa kiungo alichotumiwa, kwa kubofya jina ndani ya fomu nyingine, au kwa programu ya nje inayoongea na seva. Nimekuta ghala nzima ambayo "usalama" wake wote ni menyu zilizofichwa.

"Inaniambia sina ruhusa"

Hili ndilo lalamiko la kila wiki. Mwombe mtumiaji akutumie picha ya skrini, au akusomee ujumbe neno kwa neno. Usikubali "imekataa tu". Ujumbe wenyewe ndio utakaokuonyesha ni mlango upi.

Ujumbe ukitaja jina la jedwali na kitendo, kisha ukaorodhesha makundi yanayoruhusiwa kitendo hicho, basi aliyekataa ni mlango wa kwanza. Jibu umeshaandikiwa mkononi: linganisha orodha hiyo na makundi aliyo nayo mtumiaji, kisha chagua kundi dogo kuliko yote linalotosha. Nasema dogo kwa sababu orodha mara nyingi huweka kundi la wafanyakazi wa kawaida na la wasimamizi pamoja, na mtu mwenye haraka hushika lile lenye jina kubwa.

Ujumbe ukisema kwamba rekodi hiyo, au rekodi kadhaa, zimezuiwa, bila kutaja kundi la kuomba, hapo ni kanuni za rekodi. Washa hali ya msanidi (developer mode) kwenye mipangilio, au ongeza ?debug=1 kwenye anwani ya ukurasa, kisha urudie kitendo kilekile kwa akaunti ileile. Safari hii ujumbe huja na majina ya kanuni zilizokataa. Watu wengi hawajui hilo, wanashinda siku nzima wakisoma kanuni moja baada ya nyingine.

Jambo linalopotosha zaidi ni jedwali lililotajwa kuwa tofauti na lile lililo mbele ya mtumiaji. Kitufe kimoja huweza kugusa majedwali mengi nyuma ya pazia. Mtu yuko kwenye oda ya mauzo, ujumbe unazungumza kuhusu ingizo la daftari la hesabu, naye anaapa kwamba hajagusa hesabu. Anasema kweli, na ujumbe nao unasema kweli.

Yule keshia wa Nakuru alikuwa na tatizo la aina hii hasa. Alikuwa katika kundi la mauzo. Kundi hilo linamruhusu kutengeneza ankara kutoka kwenye oda, lakini ankara hiyo hubaki rasimu. Kuithibitisha ni kazi ya aliye katika kundi la ankara upande wa uhasibu. Kilichohitajika ni kumwongezea kundi hilo moja. Ni mibofyo mitatu, haraka sawasawa na kumpa usimamizi wote. Foleni ile ingesonga vilevile.

Kabla ya kumwongezea mtu kundi lolote, lifungue kundi lenyewe katika orodha ya makundi, ambayo huonekana tu ukiwa katika hali ya msanidi. Tazama kichupo cha makundi yanayorithiwa, kisha kile cha haki za kufikia. Dakika mbili za kusoma hapo zinakuonyesha unampa nini zaidi ya kile alichoomba.

"Menyu iko, lakini orodha ni tupu"

Hapa hakuna ujumbe wa kukataa. Orodha iko wazi kama shamba lisilopandwa, au ina rekodi chache kuliko inavyopaswa. Watu hukimbilia makundi moja kwa moja, lakini anza na kisanduku cha kutafutia juu ya orodha. Skrini ya nukuu za bei, kwa mfano, hufunguka ikiwa na kichujio cha nukuu zangu mwenyewe. Meneja mmoja wa tawi kule Kakamega aliniita kwa sababu wauzaji wake "hawafanyi kazi". Nilipoondoa kichujio hicho, nukuu zao zote zikatokea mbele yake. Alikuwa ameshaandika barua ya onyo.

Kichujio kikiwa safi, tazama jina la kampuni kwenye kona ya juu. Biashara yenye kampuni zaidi ya moja ndani ya mfumo mmoja huonyesha rekodi za kampuni zilizotiwa tiki hapo tu, hata kama mtumiaji ameruhusiwa nyingine. Kwenye akaunti yake kuna vitu viwili vya kukagua: kampuni zinazoruhusiwa, na kampuni ya msingi ambayo humpokea akiingia.

Bado tupu? Sasa ndiyo zamu ya kanuni. Kundi la mauzo lina ngazi: wa kwanza huona hati zake tu, wa pili huona hati zote, wa tatu ni msimamizi. Karani aliyehamishwa kutoka kaunta kwenda ofisini mara nyingi husahauliwa kwenye ngazi ya kwanza. Na kama biashara yenu imeandika kanuni zake za ziada, tafuta kanuni mbili za wote zinazopingana. Moja inadai tawi liwe Kisumu, nyingine inadai oda iwe imethibitishwa na makao makuu, na kwa kuwa zote mbili lazima zitimizwe, hakuna rekodi inayosalia. Kila kanuni ikisomwa peke yake ni sahihi. Ndiyo maana ziandike zote kwenye karatasi moja kabla ya kuzihukumu.

"Watu wa Kisumu wanaona na kubadilisha stoo ya Nakuru"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo biashara za matawi zinapoumia zaidi, na ndipo mafundi tunapoharibu zaidi.

Uliza kwanza: tawi limeundwa kama nini ndani ya mfumo? Kuna walioliunda kama kampuni kamili, na kuna walioliunda kama ghala tu ndani ya kampuni moja. Likiwa kampuni, kanuni zilizokuja na Odoo zinatenganisha data zenyewe, mradi kampuni zinazoruhusiwa za kila mtumiaji zimewekwa vizuri. Likiwa ghala tu, hakuna kinachotenganisha. Odoo kwa kawaida haimfungi mfanyakazi kwa ghala. Mwenye haki ya stoo ana haki ya stoo zote za kampuni yake. Wenye biashara hushtuka wakisikia hivyo, kwa sababu waliambiwa "tumewawekea matawi".

Basi fundi anaamua kuandika kanuni yake, na hapa kuna makosa matatu ambayo nimeyakuta tena na tena.

La kwanza ni tiki. Fomu ya kanuni ya rekodi ina visanduku vinne: kusoma, kubadilisha, kuunda, kufuta. Mtu aliyetoka kwenye haki za kufikia huzitia tiki akidhani anatoa ruhusa. Sivyo. Kwenye kanuni, tiki inasema sharti hili litumike kwa kitendo hiki. Ukiondoa tiki ya kufuta ukidhani umekataza kufuta, umesema kinyume: kwamba kufuta hakuhusiki na sharti la tawi. Mtu wa Kisumu hawezi kuisoma oda ya Nakuru kwenye orodha, lakini kanuni yako haimzuii kuifuta.

La pili ni kuifunga kanuni kwenye kundi bila kukumbuka kwamba kanuni za makundi huunganishwa kwa "au". Tuseme umeunda kundi la Mauzo Kisumu, ukaliandikia kanuni inayoruhusu oda za Kisumu tu. Mtumiaji huyohuyo yuko pia katika ngazi ya hati zote za mauzo, ambayo ina kanuni isemayo oda zote zinaruhusiwa. Oda za Kisumu, au oda zote: jibu ni zote. Kanuni yako iko pale, imewashwa, haina kosa la uandishi, na haina kazi. Una njia mbili. Mshushe mtumiaji kutoka kwenye ngazi ya hati zote, au iandike kanuni ya tawi iwe ya wote, isiyo na kundi. Ukichagua hii ya pili, itamgusa kila mtu hadi mwenye biashara, kwa hiyo ijenge juu ya orodha ya matawi utakayoiongeza kwenye akaunti ya kila mtumiaji. Karani wa Kisumu anawekewa tawi moja, mhasibu mkuu anawekewa yote. Na mtu mpya akisahauliwa kuwekewa tawi, hataona kitu, atakupigia simu. Hiyo ni afadhali mara mia kuliko asahaulike akione kila kitu na asipige simu kabisa.

La tatu ni kufunga kusoma kupita kiasi. Nakuru inapeleka mifuko mia mbili ya saruji Kisumu. Uhamisho huo una mahali pa kutoka, Nakuru, na mahali pa kufika, Kisumu. Ukimkataza karani wa Kisumu kusoma chochote cha Nakuru, siku lori linapofika na kusimama nje ya ghala atafungua hati ya kupokea, na mfumo utamkatalia kwa sababu hati hiyo inataja mahali asiporuhusiwa kupajua. Dereva anangoja, wapakuzi wanangoja, na fundi anaondoa kanuni yote kwa hasira. Kwa kawaida mimi huacha kusoma kuwe kwa matawi yote na kufunga kubadilisha, kuunda na kufuta. Kama mwenye biashara hataki tawi moja lijue akiba ya jingine, hilo linawezekana, lakini ajue kwamba uhamisho kati ya matawi utahitaji kupangwa upya, pengine kila upande uwe na hati yake.

Ukimaliza, jaribu safari nzima ya mzigo, kutoka oda hadi mfuko wa mwisho kupokelewa, kwa akaunti za watu wa kawaida wa pande zote mbili. Usijaribu hatua moja ukaridhika.

"Nimempunguzia ruhusa, bado anaona"

Umemtoa mtu katika kundi, akapakia ukurasa upya, na kila kitu kiko palepale. Nafuata mpangilio huu, na mara nyingi sifiki mwisho.

Urithi. Kundi alilobaki nalo linarithi lile ulilomtoa, au linarithi kundi linalorithi lile. Fungua makundi yake moja moja, utazame kichupo cha urithi. Katika matoleo ya nyuma kuna jingine la kuudhi: ukikata urithi kati ya makundi mawili, watumiaji waliokwisha kuingizwa kwa njia ya urithi hubaki ndani ya kundi la chini. Itabidi uwatoe mmoja mmoja.

Haki isiyo na kundi. Mstari wa haki za kufikia ulioachwa bila kundi humpa haki kila mtumiaji wa mfumo, na "kila" hapo ni pamoja na mteja anayeingia kupitia ukurasa wa wateja. Hii hutokea sana kwenye moduli, yaani vipande vya programu vinavyoongezwa ndani ya Odoo, zilizotengenezwa na mafundi wa hapa kwetu kwa haraka. Panga orodha ya haki za kufikia kwa kundi, uangalie zilizo tupu. Nikipokea mfumo mpya wa kuusimamia, hiki ndicho kitu cha kwanza ninachokagua.

Muuzaji hajaandikwa. Mtu wa ngazi ya hati zake tu analalamikiwa kwamba anaona oda za wenzake. Kanuni ya ngazi hiyo inaruhusu oda ambazo muuzaji ni yeye, na pia oda ambazo hazina muuzaji kabisa. Oda zilizoingizwa kutoka kwenye lahajedwali, au zilizoachwa na mfanyakazi aliyeondolewa jina lake, huwa hazina muuzaji, kwa hiyo zinaonekana kwa kila mmoja. Weka majina, tatizo limekwisha. Kanuni haina kosa.

Na labda si yeye. Labda anatumia nenosiri la mwingine. Badilisha nenosiri la akaunti unayoishuku: vipindi vyote vya matumizi vilivyofunguliwa kwa akaunti hiyo hufungika papo hapo, na utajua kwa dakika chache ni nani atakayekuja kuuliza kwa nini ametolewa.

"Mbona kwangu inafanya kazi?"

Fundi au mhasibu mkuu amejaribu, imekubali, akahitimisha kwamba karani hajui kutumia kompyuta. Tafadhali usimwambie mtu hivyo kabla ya kuingia kwa akaunti yenye makundi yake.

Kuna hali ya mtumiaji mkuu ndani ya Odoo ambayo hupita juu ya haki za kufikia na kanuni za rekodi zote. Ukiwa ndani yake, majaribio yako hayana maana yoyote. Kabla ya toleo la 12, lililotoka mwaka 2018, akaunti ya admini yenyewe ndiyo ilikuwa na uwezo huo. Tangu hapo uwezo umehamishiwa akaunti ya mfumo, na admini amekuwa mtumiaji mwenye makundi mengi tu. Mafundi waliojifunza zamani bado wanashangaa admini anapokataliwa na kanuni. Anakataliwa kwa haki.

Tengeneza akaunti ya majaribio kwa kila aina ya kazi: keshia wa majaribio, mtunza stoo wa majaribio, meneja wa tawi wa majaribio. Ifungue kwenye dirisha la faragha la kivinjari, akaunti yako ikiwa dirisha la pembeni. Badilisha kitu kimoja upande mmoja, pakia upya upande wa pili, tazama. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu na tatizo likaisha, hujui ni kipi kilichoponya, na viwili vilivyobaki ni mashimo uliyoyaacha wazi.

"Ilikuwa sawa mpaka tuliposasisha"

Mlibadilisha mstari wa haki uliokuja na moduli ya Odoo. Moduli inaposasishwa, mistari yake ya haki huandikwa upya kutoka kwenye faili zake, na mabadiliko yenu yanafutika. Kanuni za rekodi kwa kawaida hulindwa zisiandikwe upya, ndiyo maana nusu ya mipangilio hupotea na nusu hubaki, jambo linalochanganya. Dawa ni kutogusa vya Odoo. Undeni kundi lenu, mliandikie mistari yake ya haki, na mkitaka kubadilisha mbadilishe humo.

"Mishahara imeonekana"

Simu ya namna hii huja kwa sauti ya chini. Moduli ya wafanyakazi yenyewe hufungia mshahara kwenye makundi ya rasilimali watu, na kwa kawaida haivuji. Kinachovuja ni kiambatisho. Mtu wa ofisi ameweka lahajedwali la mishahara kwenye mazungumzo yaliyo chini ya oda ya ununuzi, ili mhasibu alione. Kiambatisho hufuata ruhusa za rekodi kilichobandikwa, kwa hiyo kila anayeweza kufungua oda ile anaweza kufungua lahajedwali. Hakuna kundi lililokosewa hapa.

Kiondoe, kisha angalia nani alikuwa na uwezo wa kukifikia. Hili si la kumalizana ofisini tu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshikilia taarifa za watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue, iwapo taarifa zimefikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari halisi ya mwenye taarifa kudhurika. Mwambie mwenye biashara siku hiyohiyo, ili yeye na wakili wake waamue.

"Aliacha kazi, jina lake bado linatokea"

Jina kutokea kwenye hati za zamani ni sawa na ni lazima. Akaunti izime, usiifute; ikizimwa haiingii tena na kipindi kilicho wazi hufungika, lakini historia inabaki na mwenyewe. Kosa lenyewe ni kumrithisha mfanyakazi mpya akaunti ya aliyeondoka kwa kubadilisha jina tu. Kuanzia siku hiyo kazi zote za yule wa zamani zinasomeka kama za huyu mpya, pamoja na makosa yake.

"Kompyuta ni moja, sisi ni watatu"

Nimerudi Nakuru. Kwa muda mrefu niliwaambia watu wasishiriki akaunti, nikaondoka, nao wakaendelea kushiriki, kwa sababu hakuna keshia atakayetoka na kuingia kwenye mfumo mara arobaini kwa siku wakulima wakiwa wamesimama mbele yake. Walikuwa na haki ya kunipuuza. Sikuwapa njia.

Njia ipo kwenye sehemu ya mauzo ya kaunta. Ukiwasha kuingia kwa wafanyakazi, kila mmoja hupewa namba yake ya siri, na kubadilishana kaunta ni sekunde mbili: unagusa jina, unaandika namba, unauza. Kila risiti hubeba jina la aliyeuza. Lakini elewa kinachotokea chini: kaunta yenyewe imefunguliwa kwa akaunti moja, na haki za kufikia zinazotumika ni za akaunti hiyo. Namba ya siri inakuambia nani ameuza. Haimwongezei wala kumpunguzia mtu haki za kundi. Kwa hiyo akaunti inayofungua kaunta iwe na kundi la kuuza peke yake. Isiwe ya meneja, na isiwe ya mhasibu. Bei ibadilishwe ofisini, kwa akaunti ya mtu mmoja, kwenye kompyuta nyingine.

Ndivyo tulivyolipanga duka lile mwezi wa sita. Kundi la wasimamizi lilibaki na watu wawili. Keshia yule aliombwa msamaha na mwenye duka mbele ya wenzake wote, nami nikaomba wangu. Zamu ikibadilika saa nane mchana, anahesabu pesa za droo, anafunga jina lake kwenye skrini, na mwenzake anaandika namba yake.